Suruali Iliyoninyima Uji

Kwa miaka mingi nilisimama kwenye geti la jengo la ofisi hapa Johannesburg nikiwa na yunifomu ya kampuni ya ulinzi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuifikiria suruali. Suruali ya yunifomu ni kama mvua ya kwetu Bukavu, inakuja yenyewe, upende usipende. Walikupa kubwa, ukakaza mkanda. Walikupa ndogo, ukabana pumzi. Nilianza kuifikiria, na baadaye kuiota, pale kampuni ilipoamua kwamba inahitaji wanawake wachache wa kuwalinda wateja wakiwa wamevaa nguo za kawaida. Bosi akaniweka kwenye kundi hilo kwa sababu, alisema, nina uso ambao mtu hawezi kuukumbuka. Niliipokea kama sifa.

Kazi yenyewe ni hivi. Mke wa tajiri anakwenda kununua viatu, nawe uko pembeni yake kama shangazi maskini aliyeletwa kuona mji. Bastola iko kiunoni mwako na hakuna anayeiona. Mkufunzi wetu, polisi mstaafu aliyekuwa na tumbo kubwa na subira ndogo, aligawa bastola za plastiki za rangi ya buluu. Hazikuweza kufyatua hata mate, lakini zilitiwa chuma ndani ili ziwe nzito kama za kweli. Kila moja ilikuja na ala yake, kifuko kigumu cha kuchomeka ndani ya kiuno cha suruali, upande wa mbele, chini kidogo ya kitovu. Alituamuru tuishi nazo. Jikoni, sokoni, kanisani, kwenye taxi, popote, mpaka mwili usahau. Mwishoni angetukagua tukiwa na nguo zetu za kila siku, na yule ambaye kiuno chake kingeonyesha chochote angerudi getini.

Halafu akaongeza kwamba mtu yeyote asijue, ila mume. Ukimwambia msusi wako leo, alisema, kesho mtaa mzima wa Berea unajua, na keshokutwa mwizi anakungojea kwenye robot, zile taa za barabarani. Kuhusu mavazi alikuwa na sentensi moja tu: suruali jinunulieni wenyewe, iwe imara, ya kustarehesha, ya kawaida. Aliyatamka hayo kama mtu anayekutuma dukani ukalete chumvi.

Ningependa kumjua mtu anayebuni suruali za wanawake. Simtakii mabaya, ningemkalisha tu kwenye kiti kigumu tuzungumze. Mtu huyu anaamini kwamba mwanamke hana chochote cha kubeba duniani. Mifuko ya mbele ameichora, ukitia kidole kinagonga mshono. Mifuko ya nyuma inatosha sarafu na nusu. Lupu za mkanda ni nyembamba, mkanda wa maana haupiti. Na kitambaa anakichagua kile kinachovutika, kwa hiyo ukikitundikia kitu kizito kinakubali kila unachokiambia na kuteremka nacho.

Suruali yangu ya kwanza ilikuwa jinzi ya aina hiyo. Dukani ilinikaa vizuri nikajipongeza. Nilichomeka plastiki yangu, nikatoka, na kufika kwenye robot ya kwanza kiuno cha suruali kilikuwa kimeshafika kwenye nyonga. Nilivuka barabara nimeikamata kwa mikono miwili huku taxi zikinipigia honi. Jumapili iliyofuata ilinisaliti chooni, kanisani. Ukifungua mkanda, ala inalegea, na nilipoketi bastola ilitoka ikaanguka sakafuni kwa kishindo, ikateleza chini ya ubao hadi choo cha jirani. Kulikuwa na mtu humo. Nikaona ncha ya kiatu cheupe kikiisukuma polepole, ikarudi kwangu. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na kila mama mwenye viatu vyeupe namsalimu kwa heshima ya pekee.

Ya pili ilikuwa suruali ya kitambaa, nyeusi, ya watu wa benki. Hiyo ilipasuka msambani nilipochuchumaa kuokota vitunguu. Ya tatu ilikuwa imara kweli, lakini ngumu kama ubao, na kila nilipoketi kitako cha bastola kiliingia chini ya mbavu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako nadhani walikuwa wametoka kupanda taxi ya kwenda mjini na kitu kama hicho kiunoni. Kwa ya nne nilipata akili, au nilidhani nimepata. Nikanunua namba kubwa zaidi ili ala ipate nafasi, juu yake nikavaa blauzi pana. Laiti ingekuwa Julai, miezi ya baridi huku, ningevaa koti nikamaliza maneno. Lakini ulikuwa msimu wa joto, ule wa mvua ya mawe saa za mchana, na mtu anayetembea Johannesburg na koti kwenye joto lile anatazamwa na kila mlinzi. Najua, nilikuwa mlinzi.

Hapa lazima nimlete mama mkwe wangu.

Alikuja kutoka Bukavu baada ya baba mkwe kufariki, akakaa nasi Bertrams, kwenye nyumba tunayopanga vyumba na kutumia ua mmoja na wapangaji wengine. Ni mwanamke mfupi, msafi, anayekunja hata taulo la kufutia meza. Tangu aliponiona mara ya kwanza na suruali ya yunifomu, moyo wake kwangu ulifunga duka. Hakunitukana hata siku moja. Alinisalimu. Aliniita mama ya batoto, kama mtu anavyotaja cheo cha karani, na alipotaka chumvi alimwambia mwanawe aniambie nimpe chumvi, wakati mimi nimekaa katikati yao. Nilijifanya sijali. Nilijali sana. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa msichana, na niliolewa nikiamini kwamba pamoja na mume ninapata mama.

Sasa, mvua ya mawe ikianza, mama mkwe ndiye anayekimbia uani kuanua nguo. Na mtu anayeanua nguo anasoma. Aliona suruali zangu kwenye kamba zikipanda namba wiki hadi wiki. Aliona ile iliyopasuka. Ndani ya nyumba aliona mengine: jinsi nilivyoanza kuketi polepole, nimeegemea nyuma, jinsi nilivyoinuka nikitanguliza mkono tumboni, jinsi nilivyokwenda chooni kila saa, maana ala ilitaka kurekebishwa, jinsi nilivyoacha kuinamia ndoo. Binti mmoja wa jirani alipokuja kunikumbatia, nilimzuia kwa kiganja.

Asubuhi moja nikakuta bakuli mezani, limefunikwa kwa sahani. Ndani mlikuwa na uji wa mtama, ule unga ambao huku wanauita mabele, umetiwa karanga zilizosagwa na sukari kidogo. Niliuliza ni wa nani. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, akisugua sufuria.

“Kunywa, mutoto wangu,” alisema. “Itapoa.”

Mutoto wangu. Nilikunywa nimesimama, moto hivyo hivyo, nikaunguza ulimi, na siku nzima nilipeleka ulimi wangu kwenye lile jeraha kwa furaha. Niliamini hatimaye ameizoea kazi yangu. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga akipendwa.

Kanisani nako mambo yalibadilika. Kanisa letu ni la watu wa kwetu Kongo, karibu wote kutoka Kivu na Katanga, na mwanamke akitoka kazini na suruali anajifunga kitenge juu yake kabla hajaingia. Kwa hiyo mimi nilikuwa na suruali pana, ala, bastola, blauzi pana, na juu ya yote kitenge kimezungushwa mara mbili. Mama kiongozi wa kikundi cha kina mama alinihamishia kwenye kiti karibu na dirisha. Wakati wa kusimama kuimba, mkono ulinigusa bega nikae. Siku ya usafi walininyang'anya ufagio. Nilirudi nyumbani nikakuta kwenye mkoba wangu kifurushi cha gazeti, ndani mna udongo mweupe wa kutafuna, ule wanaoutamani wajawazito, na hata hapo sikuelewa. Nilidhani kuna mtu amekosea mkoba.

Aliyenifungua macho ni fundi cherehani. Ana chumba chake Jeppestown, ghorofani juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, mtu wa Lubumbashi anayevaa kizibao cha suti hata kwenye joto na kuzungumza juu ya suruali kama mchungaji anavyozungumza juu ya roho. Nilimwendea nimechoka na maduka. Nikamwambia nataka suruali ya kila siku, isiyochanika, ambayo naweza kuketi nayo, kukimbia nayo, kuingia na kutoka kwenye gari, na hapa mbele, chini ya kitovu, iwe na nafasi na iwe na nguvu ya kushika kitu kizito kisiteremke. Kitu gani, sikusema. Niliogopa ataniuliza. Badala yake alinyanyua kiganja, akafumba macho.

“Mama, usiseme kitu,” alisema. “Mimi niko na macho. Mungu ni mukubwa.”

Akanipima kwa upole ambao sijawahi kupimwa nao, akapunguza bei bila kuombwa, na nilipoirudia aliikunjua mbele yangu kwa mikono miwili. Miguu ilikuwa imekatwa vizuri ajabu. Lakini mbele, kuanzia kwenye zipu kwenda juu, alikuwa ameshona kipande kikubwa cha kitambaa cha kuvutika, cha duara, kinachopanda hadi chini ya matiti. Akakivuta kuonyesha jinsi kinavyotanuka. Itakufikisha mpaka mwezi wa tisa, alisema, na baada ya hapo atanirekebishia bure.

Nilisimama katikati ya chumba kile na vitu vyote vikaja kwa pamoja, kiti cha dirishani, ufagio, udongo. Uji.

Nimeshavuka miaka arobaini. Mtoto wangu wa mwisho ana sharubu na ananijibu kwa Kizulu. Lakini watu wote wa kwetu, kuanzia Jeppestown hadi Bertrams, walikuwa wameshaamua.

Kwetu mimba haiulizwi. Haitajwi mpaka mwenyewe aitaje, na mwenyewe haitaji, kwa kuogopa macho ya watu. Wanaojua wanajua, na wakishajua wanaanza kukuhudumia kimyakimya, huyu kiti, yule ndizi, bila swali hata moja. Ni desturi nzuri sana kwa mwanamke mwenye mimba. Kwa mwanamke mwenye plastiki ya buluu ni mtego usio na mlango. Nitakanaje jambo ambalo hakuna aliyelisema? Nisimame baada ya matangazo niseme, wapendwa, kuhusu kile ambacho hamjaniuliza, si kweli? Na wakiniuliza basi ni nini hicho kilichovimba, niwaambie nini?

Nilimsimulia mume wangu nikidhani atanisaidia. Mume wangu ni kinyozi, ana kiti chake Berea, na kinyozi anajua kusikiliza. Huyu alisikiliza hadi kwenye kipande cha kuvutika, kisha akaketi kitandani akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi alisema nimwambie mama yake ukweli kesho yake asubuhi, yeye ni mama mkwe, hatatangaza. Nikasema sawa, kesho.

Kesho ilipofika kulikuwa na uji. Siku hiyo alikuwa ametia maziwa. Akaniwekea mto kwenye kiti, akachukua ndoo mkononi mwangu, akanisimulia jinsi alivyombeba mume wangu tumboni akivuka mto Ruzizi kwenda kwa dada yake, alivyotapika njia nzima. Hakuwahi kunisimulia kitu tangu anifahamu. Alicheka, na nikaona ana mwanya kama wa mwanangu wa kwanza. Nikajisemea, keshokutwa.

Sasa nilikuwa nimekwama mahali pa kijinga kabisa. Ukaguzi ulikuwa unakaribia. Nikipata suruali nzuri, tumbo litatoweka na uji utakwenda nalo. Nisipoipata, nitabaki na uji na nitarudi getini. Mume wangu aliuliza ninataka kipi. Nilimjibu kwa hasira kwamba nataka vyote, na kwamba mtu aliyelelewa na mama yake maisha yake yote asiniulize maswali kama hayo. Hakucheka tena.

Suruali niliipata nilipokuwa sijaitafuta. Nilikwenda Jeppestown kumnunulia mume wangu koti la kazi kwenye duka linalouza ovaroli, helmeti na buti za mpira, na pale kwenye kona, zimerundikwa kama magunia, zilikuwepo suruali za kiume za mafundi umeme. Nyeusi, zisizong'aa. Kitambaa kizito lakini kilichokwisha kufuliwa kikalainika. Msambani zimewekewa kipande cha ziada chenye pembe nne, ili mtu apande ngazi bila aibu. Lupu za mkanda pana kama vidole viwili. Mishono miwimiwili. Na mifuko! Nilitia mkono ukaingia hadi kwenye kifundo. Nilikaribia kulia mle dukani.

Muuzaji, dada wa Kizulu, aliniuliza kama mume wangu ni mwembamba. Nikasema ni ya kwangu. Akaniangalia tumboni, akanipa kiti. Niliingia nyuma ya pazia nikaivaa, nikachuchumaa, nikanyanyua goti hadi kifuani, nikakimbia palepale huku pazia likitikisika na yule dada akiuliza kwa wasiwasi kama niko salama. Haikulia hata mshono mmoja.

Niliinunua, nikaipeleka kwa fundi wangu pamoja na ile ya mwezi wa tisa. Nikamwambia akate kile kipande cha kuvutika, akishone kwa ndani ya kiuno cha hii ya mafundi umeme, kizunguke kama mkanda mpana. Uso wake ulisawijika. Alidhani nimepata msiba, akataka kunishika mkono. Nikamwambia afanye tu, na ashone kama anavyoshona kwa ajili ya dada yake. Alishona, nami nikasifia kizibao chake.

Pale kwenye kioo chake nilivaa kila kitu. Kile kipande kiliikumbatia ala, kikaibana kwenye mwili kwa upole, uzito ukagawanyika kiuno kizima. Nikateremsha blauzi yenye maua madogomadogo. Hakukuwa na kitu. Tumbo langu lilikuwa tumbo la mtu aliyekula kwa kiasi. Niliketi, niliinama, niligeuka, hakuna kilichochomoza na hakuna kilichonichoma. Nilikuwa na suruali imara, ya kustarehesha, ya kawaida, na nilitembea mpaka Bertrams kama mtu aliyepewa miguu mipya.

Mama mkwe alikuwa jikoni, anapepeta mchele. Niliingia, nikaokota ndoo bila kufikiri, nikainama nikaiweka kwenye bomba. Ungo ukasimama.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama tumboni. Kisha akanitazama usoni, akatafuta kitu usoni mwangu na kwa bahati mbaya akakuta tabasamu. Aliweka ungo chini. Akanichukua kiwiko akaniketisha, akafunga mlango wa uani ili majirani wasione, akabandika maji jikoni. Hakuuliza. Hata hapo hakuuliza. Alikuja na kitambaa chenye maji ya moto, akapiga magoti mbele yangu kwa magoti yake mabovu, akaanza kunikanda mikono, na machozi yalikuwa yanamteremka bila sauti. Alikuwa anamlilia mjukuu ambaye hakuwepo, na alikuwa ananilea mimi.

Hakuna suruali duniani inayostahili hilo. Nilichomoa ala na vyote vilivyokuwemo, nikaiweka mezani karibu na ungo wa mchele.

Tulikaa tukiitazama. Bastola ya plastiki ya buluu kwenye meza ya jikoni haina heshima yoyote. Niliongea kwa haraka, nikaeleza mkufunzi, amri, ala, ukaguzi, kwamba si ya kweli, haiui hata nzi. Alinyoosha kidole, akaisukuma kidogo, kama anavyosukuma samaki kujua kama ni mbichi.

“Ni hii njo nilikuwa napikia uji?”

“Ndiyo, mama.”

“Na weye ulikuwa unakunywa.”

“Nilikuwa nakunywa.”

Maji yalichemka, akazima jiko.

“Juu ya nini haukusema?”

Nilikuwa na majibu mengi mazuri, amri ya kazi, desturi, hofu ya wezi. Yote yalikuwa kweli. Nikatoa lingine.

“Ulikuwa unaniita mutoto wangu.”

Aliinuka, akaokota ungo, akatoka nao uani. Nilimsikia akipepeta kwa nguvu kuliko mchele ulivyohitaji.

Kesho yake hapakuwa na bakuli mezani. Wala siku iliyofuata. Alinisalimu. Hakuniita mama ya batoto, hakuniita kitu chochote, alikuwa anaanzia katikati ya sentensi ili asifike kwenye jina. Kanisani sijui aliwaambia nini kina mama, lakini kiti cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine na ufagio nililetewa mkononi. Nilifagia. Mume wangu alisema nimpe muda. Kila mwenye mama anajua kusema hivyo.

Asubuhi ya ukaguzi niliamka nikavaa polepole. Suruali ya mafundi umeme, ala, plastiki, blauzi ya maua. Nilikuwa nikipita jikoni kuelekea mlangoni aliposema simama. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha mto, mikono mapajani.

Akaniambia nigeuke. Nikageuka. Nigeuke tena. Akainuka akanizunguka, akaivuta blauzi upande wa kushoto kidogo, akarudi nyuma kutazama kama anavyotazama pazia alilolitundika. Akasema nichuchumae. Nikachuchumaa. Akasema niinuke upesi. Nikainuka upesi.

“Mwizi akikuya, utakimbia na hii pantalo?” aliuliza.

“Sitakimbia, mama. Mimi njo nitamufukuza.”

Alifikiria hilo. Kisha akaenda kwenye jiko, akarudi na bakuli lililofunikwa kwa sahani, akaliweka mezani, akavuta kiti.

“Ikala,” alisema. “Mutoto wangu haendake kazi na njaa.”

Nilikaa. Kile kitu kiunoni hakikunichoma hata kidogo. Uji ulikuwa na karanga na maziwa, vyote viwili, na nilikunywa kwa pupa, macho yakiwa yamejaa, bila kuangalia kijiko kinakwenda wapi. Kisha nikakimbilia taxi.

Mkufunzi alinizunguka mara mbili. Alinikalisha, akanisimamisha, akaniingiza na kunitoa kwenye gari, akaniamuru niokote funguo alizozitupa chini makusudi. Alikuna kidevu. Mwishowe akasema kiunoni haoni kitu, hajui nimeificha wapi, nimemshinda. Kuna jambo moja tu, akasema, akaonyesha kifuani kwangu, kwenye maua ya blauzi, mahali palipokuwa na doa jeupe lililoanza kukauka. Akaniuliza hilo ni nini.

Nikamwambia ni uji wa mama yangu.